Pakanga ya Mlimani na Homa ya Mtoto

Leo tuzungumze juu ya pakanga.

Hapa kwetu Kilifi na Malindi, mti wa dawa tuliouzoea ni mwarobaini. Pakanga huota porini kwenye baridi, kama huko Mlima Kenya. Majani yake ni ya kijivu, yana harufu kali. Wenyeji wa milimani hujifukiza nayo wakishikwa na mafua, na huichemsha kwa kikohozi, tumbo na homa. Ukiletewa fungu la majani makavu, huenda ukaambiwa, "Hii ndiyo wanayotengenezea tembe za malaria."

Siyo hiyo. Dawa ya artemisinini hutoka kwa ndugu yake, pakanga ya China. Bi. Tu Youyou na wenzake waliitoa katika mmea huo mwaka 1972, naye akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Udugu wenyewe ni wa kweli. Wataalamu huchukua ncha ya mzizi mchanga, wakaitia rangi na kuitazama kwa hadubini, wahesabu kromosomu, yaani vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli. Pakanga ya China inazo 18, na jamii ya pakanga kwa kawaida huhesabiwa kwa tisa tisa. Lakini hesabu haikuambii dawa iliyomo. Mbatata ina kromosomu 48, na sokwe pia 48! Pakanga ya mlimani haina artemisinini ya kutosha kutibu malaria. Tena mafuta yake huwa na tujoni, ambayo ikizidi mwilini huweza kuleta degedege.

Na chai ya ile ya China je? Kikombe hakipimi dawa: leo kali, kesho hafifu, na vimelea vinabaki. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba halipendekezi majani wala chai hiyo kwa malaria.

Mtoto akipata homa, mpeleke dispensari siku hiyo hiyo adungwe kidole, apimwe damu. Ikiwa ni malaria, atapewa dawa ya AL kulingana na uzito wake, mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula. Asipoweza kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akishikwa na dege, lile ambalo wengine huliita nyuni, usingoje fukizo. Mkimbize hospitali. Kuna sindano ya artesuneti, iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha inaokoa wengi kuliko kwinini.

Akitapika AL kabla ya nusu saa kupita, mrudishie dozi ile ile, kisha urudi dispensari uongezewe tembe iliyopungua.