RUPIA ZA FEDHA ZA WADACHI
(Hotuba kwa wanachama, Pugu)



Nimeombwa niseme machache juu ya kukusanya sarafu za kale za fedha. Huenda mtu akauliza: karani mwenye mshahara wa kuhesabu ana shughuli gani na rupia isiyonunua hata kibaba cha unga? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Kabla ya Wadachi, watu wa pwani walitumia reale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780, na rupia ya Bara Hindi. Kampuni ya Kidachi ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, ilifuata kipimo kilichozoeleka. Rupia yake ilikuwa na uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na katika sehemu 12 zake, 11 ni fedha safi. Ilivunjwa kwa pesa 64.

Upande mmoja imo sura ya Kaiser Wilhelm II amevaa kofia yenye tai. Upande wa pili wamo simba na mti, pamoja na jina la kampuni. Serikali ya Kidachi iliishika nchi mwaka 1891, walakini rupia zenye jina la kampuni ziliendelea kupigwa hata 1902. Zile za tangu 1904 hazina jina hilo, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Herufi A ni alama ya Berlin, na J ni ya Hamburg. Rupia za fedha za mwisho ni za 1914. Kisha vita vikazuia meli, hata mwaka 1916 Wadachi wakapiga sarafu za shaba na za dhahabu katika karakana ya reli huko Tabora.

Basi rupia chache mezani ni kama majalada ya ofisi: zaonyesha nani alitawala, na lini. Tena zina habari za wazee wetu. Kodi ya nyumba iliyoamriwa mwaka 1897 ilidai rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita hapa Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Rupia iliyolika hata sura haionekani yaweza kuwa ilipita katika mikono ya vibarua na ya watoza kodi.

Sasa nataka kuwaonya. Wako watu wanaonong'ona ya kuwa rupia ya Mdachi huvuta punje za mchele, na ya kuwa tajiri fulani atainunua kwa mamilioni. Kwanza huomba fedha kidogo ya "kumleta mnunuzi", kisha hawaonekani tena. Hapana fedha inayovuta mchele, wala sumaku haivuti fedha. Mtu asitoe kiinua mgongo chake kwa maneno hayo. Aichukue sarafu kwa sonara, ipimwe: ikipungua sana kuliko tola moja bila ya kulika, aitilie shaka.

Na mwenye rupia ya kweli, naomba ashike mambo matatu. Asiiyeyushe kuwa pete, kwa maana fedha itabaki lakini habari zake zitapotea. Asiisugue kwa majivu wala kwa limau, kwa maana wakusanyaji huipunguzia bei sarafu iliyosuguliwa. La tatu ndilo kubwa: aandike katika karatasi ilipatikana wapi, kwa nani, mwaka gani, na mzee aliyeitoa alisema nini. Kazi hiyo haihitaji utajiri. Yahitaji wino, subira na mwandiko unaosomeka, navyo ni vitu ambavyo karani amekwisha kuwa navyo.

Wazee walioipokea rupia kwa jasho hawapo tena. Waliobaki ni wajukuu wenye sanduku la bibi chini ya kitanda. Tukawaulize kabla sanduku halijauzwa.