Programu Huria Nazo Zahitaji Jina, Daftari na Makabidhiano

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Ruaha Mbuyuni mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Barua iliyoandikwa "Mbuyuni" tu, pasipo neno jingine, ina safari ndefu. Iko Mbuyuni ya Moshi penye soko, iko Mbuyuni ya Songwe, na ziko nyingine ambazo hata Posta wenyewe wangechoka kuzihesabu, maana katika nchi yetu kila ulipo mbuyu mkubwa hawakosi watu waliopaita hivyo. Neno "Ruaha" lililotangulia ndilo linalomwelekeza mpeleka barua hapa mpakani mwa Iringa na Morogoro. Neno la kwanza lataja bonde, la pili lataja mahali penyewe ndani ya bonde.

Sikuanza na jina hilo kwa kutafuta mzaha. Mada niliyopewa ni ya programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi yanayoiamuru mashine, umeachwa wazi ili mtu yeyote ausome, autumie na aurekebishe. Programu kubwa haitungwi yote mahali pamoja. Huungwa kwa vipande viitwavyo moduli: kimoja husoma tarehe, kingine hupanga majina, kingine hufungasha maandishi yachukue nafasi ndogo. Mjenzi wa mfumo huvichukua vipande hivyo ghalani kama seremala anavyochukua misumari dukani. Hapo ndipo yanapozuka maswali ambayo mtumishi yeyote wa umma angeyauliza. Vipande hivyo vimeandikishwa wapi? Vyaitwaje? Na ni nani atakayevitunza mtungaji akichoka, akihama au akifa?

Watungaji wa programu walikutana na shida ile ile ya Mbuyuni nyingi. Lugha ya Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, ilipata ghala lake la moduli mwaka 1995, likaitwa CPAN. Humo watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura, hupeleka kazi zao. Kama kila mmoja angeiita moduli yake "Tarehe" au "Orodha", ghala lingekuwa gulio la vurugu. Basi ikawa desturi majina yatungwe kwa ngazi, neno la kwanza lionyeshe fani na la pili lionyeshe kazi. Text::CSV, kwa mfano, ni moduli ya mambo ya maandishi, na ndani ya maandishi hushughulikia majedwali ambayo safu zake zimetengwa kwa koma. Mgeni akilisoma jina hajaifungua moduli bado, lakini amekwisha kujua aiendee au aipite. Anayetangulia kuliandikisha jina ndiye mwenye haki nalo, hata akija mwingine mwenye kazi bora zaidi. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa kali. Mimi naiona ya haki, kwa sharti moja tu: aliyelishika jina aonekane akiitunza kazi.

Jina si jambo dogo. Machi 2016, katika ghala la npm la lugha ya JavaScript, Azer Koçulu aliondolewa haki ya jina "kik" baada ya kampuni yenye jina hilo kulidai. Kwa hasira akaziondoa ghalani moduli zake zote, zaidi ya 250. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi mwanzoni mwa neno ili lifikie urefu unaotakiwa. Kumbe moduli kubwa zilikuwa zimeiegemea, na kwa saa chache kazi za kuunda programu zikakwama hata katika makampuni makubwa ya Marekani. Mistari 11, Ndugu zangu!

Sasa niseme juu ya umiliki, maana hapa ndipo penye fikra potofu. Wako wanaosema kwamba kilicho huria hakina mwenyewe, basi hakihitaji mlinzi. La hasha! Ninyi mnaoishi katika bonde hili la vitunguu mnajua vema kuliko mimi. Mfereji ni mali ya wote wanaoutumia, lakini yuko anayefungua banio, yuko anayepanga zamu, na yuko anayewaita watu kuzoa matope kabla ya msimu. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 haikuridhika na urafiki wa wakulima, bali iliweka utaratibu wa vyama vya wamwagiliaji kuandikishwa, ili ajulikane anayejibu mfereji unapobomoka. Msimbo nao huzibwa na matope yake: mashine hubadilika, lugha hubadilika, makosa hugunduliwa, na asipokuwapo wa kuyazoa maji hayafiki shambani.

Katika utumishi wetu hakuna mkuu wa shule anayehama bila kukabidhi funguo, mihuri, daftari la mali na vitabu vya fedha. Lakini fikirini ile programu ya kujumlisha alama iliyotungwa na mwalimu kijana mwenye juhudi. Akihamishwa, katika hati ya makabidhiano viti vimehesabiwa hadi kilichovunjika mguu, na programu haimo hata kwa neno moja. Neno la siri limekwenda naye. Mwaka unaofuata walimu wanarudi kwenye kalamu na karatasi, na lawama inaangukia kompyuta.

Kutokabidhi ni hatari, lakini kumkabidhi usiyemjua ni hatari kubwa zaidi. Mwaka 2018 Dominic Tarr, aliyekuwa hana haja tena na moduli yake ya event-stream, alimpa mgeni aliyemwandikia kwa upole akiomba kuitunza. Mgeni yule akaingiza humo msimbo wa kuiba fedha za kidijitali. Kisa cha xz chatisha zaidi. Hiyo ni programu ya kufungasha mafaili yapungue ukubwa, nayo imo katika mashine nyingi zinazoendesha mtandao wa dunia. Lasse Collin wa Finland aliitunza miaka mingi kwa kujitolea, karibu peke yake, akachoka. Tangu mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaleta masahihisho mazuri moja baada ya jingine, huku watu wengine wasiojulikana wakimshinikiza Collin aongeze mtunzaji. Jia Tan akapewa funguo. Mapema mwaka 2024 akapachika mlango wa siri. Machi 29 mwaka huo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliutangazia ulimwengu, baada ya kushangaa kwa nini kuingia katika mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Aliyekuwa nyuma ya jina hilo hajajulikana hadharani.

Msidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Takwimu za MTUHA kutoka zahanati zetu huingizwa katika DHIS2, programu huria yenye kitovu Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametia mkono katika kazi hiyo. Jirani zetu wa Eldoret, Kenya, walianza kutumia OpenMRS mwaka 2006 kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ilikuwa fahari, na ilistahili. Lakini mwaka 2010 watungaji wengi wa OpenOffice waliachana na kampuni ya Oracle iliyokuwa imelimiliki jina, wakaendelea na kazi chini ya jina jipya la LibreOffice. Msimbo ulikuwa huria, jina halikuwa huria. Tafsiri nayo hufuata toleo. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na asipokuwapo mtu aliyekabidhiwa kuyafasiri, skrini huanza kurudi kwenye Kiingereza neno moja moja.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imekwisha kuipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia mifumo ya Serikali. Kinachobaki ni kwa kila idara na kila shule kuandika katika hati ya makabidhiano jina kamili la programu, ghala ilimoandikishwa, na watunzaji wawili, si mmoja.

Limeulizwa kama mwalimu wa Kilolo aweza kukabidhiwa moduli iliyoachwa na mtu wa ng'ambo asiyemjua. Aweza. Katika CPAN kwanza humwandikia mtunzaji na kungoja jibu. Asipojibiwa hutangaza nia yake hadharani, ndipo huwaomba wasimamizi wa ghala, akionyesha barua alizoandika na masahihisho aliyokwisha kuyafanya. Ziko pia moduli ambazo wenyewe wamekwisha kuzitia alama ya kutafuta mlezi. Masahihisho ya kwanza yawe madogo: kosa la tahajia katika maelezo, au ukurasa wa Kiswahili ambao bado haujaandikwa.