DENI, AKIBA NA NYUMBA YA KWANZA
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu



Halmashauri imeniamuru niseme machache juu ya deni na akiba kwa mtu anunuaye nyumba yake ya kwanza. Mimi si mwalimu wa jambo hili. Ni mtu aliyekaribia kuanguka, hali kazi yake ni kuandika hesabu. Watu watatu walionidhamini wamo humu ukumbini, nao wana haki ya kusikia habari yote.

Najua wako wazee wasemao kwamba nyumba ya mjini si nyumbani. Nyumbani ni dala, palipo na makaburi ya baba zetu. Sibishani nao. Lakini kodi niliyolipa hapa Kisumu kwa miaka 11 haikuniachia hata bati moja la kupeleka dala.

Mwaka jana nilipata nyumba ndogo ya vyumba viwili upande wa Mamboleo, bei yake Shs. 1,600,000/-. Benki nilikuwa na Shs. 550,000/-. Katika chama cha akiba na mikopo cha kazini nilikuwa na akiba ya Shs. 350,000/-, nacho hukopesha mara tatu ya akiba, yaani Shs. 1,050,000/-. Nikajumlisha, ikatimia bei kamili. Nilikwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha mwenye hati ni nani, nikatia sahihi mkataba, nikalipa sehemu ya kumi, Shs. 160,000/-. Nilipewa siku 90 za kumaliza. Nikishindwa, fedha hiyo inapotea.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini haikuwa kamili.

Kwanza, niliisahau Serikali. Ardhi ya mjini ikihamishwa, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu asilimia 4. Ya mashambani ni asilimia 2. Kwangu ilikuwa Shs. 64,000/-. Ujira wa wakili na gharama nyingine zikafika Shs. 46,000/-.

Pili, nilikuwa na deni nisilolihesabu. Nilimkopea mdogo wangu pikipiki, nikawa nakatwa Shs. 7,000/- kila mwezi, na zilibaki Shs. 84,000/-. Sikumwambia mke wangu, kwa maana moyoni mwangu niliuita msaada. Lakini karatasi ya mshahara haijui msaada. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara. Mshahara wangu ni Shs. 66,000/-, basi mwisho wa makato ni Shs. 44,000/-. Kodi na makato ya sheria ni karibu Shs. 17,000/-, mkopo mpya pamoja na akiba ya kila mwezi ni Shs. 26,400/-. Hayo yangaliwezekana. Pikipiki ilipoongezwa, jumla ikawa Shs. 50,400/-. Ombi langu likarudishwa, zikiwa zimesalia siku 40.

Usiku ule nilikuwa tayari kukopa kwa simu ili kufunika deni kwa deni. Nikaiweka simu chini, nikamwamsha mke wangu. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Baba watoto, ni deni gani jingine nisilolijua?" Nikamtajia la dukani, Shs. 6,000/-. Aliandika yote katika daftari la mtoto: ushuru, wakili, pikipiki, duka. Ikawa Shs. 200,000/-.

Kulipokucha tulilipa kwanza deni la pikipiki kwa fedha ya benki, ili mshahara ufunguke. Mkopo ukakubaliwa. Ndipo tukatafuta namna ya kuziba pengo. Mke wangu alitoa Shs. 70,000/-, mtaji wake wa omena. Mdogo wangu alileta Shs. 50,000/- alizoweka kwa kubeba abiria. Ng'ombe wawili wa dala wakauzwa Shs. 80,000/-, na baba yangu alikubali shingo upande. Tulimaliza siku ya 87. Lakini nisiwafiche: mtaji wa omena sijaurudisha wote hata leo.

Ndugu zangu, mvuvi wa Dunga huziba tundu la mtumbwi kabla ya kupakia nyavu. Kabla ya kulipa sehemu ya kumi, andika madeni yako yote, hata yale uyaitayo msaada, mbele ya mwenzi wako. Tenga fedha ya ushuru na ya wakili. Lipa kwanza deni linalokatwa mshahara. Ukiisha kutia sahihi, usikope kitu kingine mpaka hati iwe mkononi. Tena mkumbuke wadhamini: mkopaji akishindwa, akiba yao ndiyo hushikwa. Amfichaye mdhamini wake deni huweka ghala la mwenzake rehani bila ruhusa.

Wazee wetu, nina maombi mawili. Mwanachama aliyekwisha kulipa sehemu ya kumi, akaiarifu Halmashauri, atozwe katika misiba mchango wa kawaida tu kwa siku zile 90, asidaiwe ziada ya heshima. Na asidhaminiwe mtu humu pasipo kuonyesha karatasi yake ya mshahara.

Kuchanga si jambo geni kwetu. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili watu wetu waweke akiba na kufanya biashara pamoja. Ukumbi wa Ofafa hapa Kisumu, ukumbusho wa Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, ulijengwa kwa michango ya wanachama wa Luo Union. Waliweza kujenga ukumbi wa wote. Nasi tusaidiane ili kila mmoja apate mlango wake.

Kwa wale watatu walionidhamini: malipo ya mwezi huu yamekwisha kukatwa, na karatasi yangu ya mshahara ninayo hapa mfukoni. Mkitaka kuiona, karibuni.