Unga wa Mtoto Usinunuliwe kwa Picha

Msikilizaji wa Kigoma mjini, nawe uliye Ujiji, Kibirizi na vijiji vya mwambao, nazungumza nawe juu ya unga wa lishe wa watoto wetu. Mama aliyekuwa akichanganya mwenyewe mahindi, ulezi na karanga na kupeleka mashineni, leo anaukuta unga huo dukani umeshafungwa: kwenye pakiti ya plastiki angavu, kopo lenye mfuniko, au mfuko wa karatasi wenye kidirisha. Biashara hii inawapa riziki kina mama wasindikaji, nami naiombea ikue.

Ila kazi ya kwanza ya kifungashio ni kulinda chakula. Unga wenye karanga au dagaa wa ziwa letu una mafuta, na mafuta yakipigwa na mwanga na hewa huchacha. Pakiti angavu ikianikwa juani mbele ya duka, inaharibu kile ilichotengenezwa kukitunza. Nafaka isiyokauka vizuri ni hatari zaidi. Ukiifunga kwa kubana, unyevu unabaki ndani na ukungu unaota, na ukungu huo unaweza kuzaa sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Pakiti nzuri haiponyi nafaka mbovu, inaificha tu.

Tuje kwenye lebo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni zinazokataza picha za watoto kwenye makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, ili mama asidhani kopo linashinda ziwa lake. Nasema busara hiyo ifike hadi kwenye unga wa lishe. Picha ya mtoto mnono haimwambii mama kilichosagwa humo, wala kilisagwa lini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hawa hawahitaji kupambiwa pakiti. Wanahitaji uji salama wenye virutubisho.

Msindikaji, kausha na chambua kabla ya kusaga. Fungasha kidogo kidogo, kiasi kitakachoisha mapema, na uandike kwamba unga ni wa mtoto aliyetimiza miezi sita, kwani kabla ya hapo ni maziwa ya mama pekee. Unganeni mnunue vifungashio kwa jumla, gharama ipungue. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na halmashauri zetu ziwashike mkono, na TBS, shirika la viwango linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, iwafikie kwa mafunzo kabla ya faini.

Nawe mama, nawe baba, kabla hujatoa hela, geuza pakiti. Soma viungo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina na anuani ya mtengenezaji, na alama ya ubora. Visipokuwepo, irudishe.