Taa ya Leza na Ngozi Iliyoungua kwa Jua

Popote ulipo, iwe Likoni unangoja feri, Kisauni nyumbani ukikuna nazi, au Changamwe unasubiri zamu yako ya kupakua lori, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya ngozi, jua, na hii taa inayoitwa leza.

Swali linaloulizwa sana ni hili: "Nina madoa usoni kwa sababu ya jua. Nimesikia kuna mahali wanayaondoa kwa leza. Niende?" Ni swali zuri, ila jibu lake si ndiyo wala la. Inategemea doa hilo ni la nini, na ngozi yako ni ya rangi gani. Nikueleze kwa nini.

Kwanza jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katika Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita wima juu ya vichwa vyetu, hata mti wa mnazi hauna kivuli cha maana. Mionzi inayounguza ngozi huwa mikali zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Mvuvi wa Mtongwe hupata jua mara mbili: la juu, na lile linalorudishwa na maji. Mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya mionzi hiyo, na povu la mawimbi hufika 25. Ndiyo maana mtu huketi chini ya mwavuli pale ufuoni siku nzima na jioni uso unawaka.

Mwenyezi Mungu ametupa kinga katika ngozi, nayo ni ile rangi nyeusi iitwayo melanini. Rangi hii hunasa mionzi kabla haijafika ndani. Mwenye ngozi nyeusi kwa hiyo hapati saratani ya jua kwa urahisi, ingawa anaweza kupata madoa na ngozi kukunjamana. Lakini kinga hii hii ndiyo inayoleta shida mbele ya leza.

Leza ni mwanga wa rangi moja tu, uliokusanywa ukawa na nguvu nyingi. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, huko Marekani. Kutibu ngozi kwa mwanga ni jambo la zamani zaidi: daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, walionyesha kwamba ukichagua rangi ya mwanga na muda wa kuumulika, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha kilicho jirani. Mwanga unatafuta rangi yake. Kama unatafuta melanini, utaiunguza popote utakapoikuta.

Sasa fikiri. Tangi jeupe na tangi jeusi, yote mawili juani pale Magongo. Lipi litachemsha maji kwanza? Kwa Mzungu mwenye doa moja jeusi kwenye shavu jeupe, mwanga hulipata doa na kupita. Kwa dada wa Kisauni, shavu zima lina melanini, na mwanga haujui doa ni lipi na ngozi njema ni ipi. Hapo ndipo watu wanapotoka na malengelenge, kisha alama nyeusi kuliko zile walizoenda kuondoa, au mabaka meupe, au kovu linalovimba na kukua.

Hii haina maana kwamba leza ni haramu kwa ngozi nyeusi. Zipo mashine zinazotumia mwanga wa nanomita 1064, ambao melanini hauunasi sana, na daktari aliyefundishwa huzitumia kwa uangalifu, kwa nguvu ndogo, baada ya kujaribu sehemu ndogo iliyojificha na kungoja aone itakavyopona. Mashine ya kuogopa zaidi ni ile ya taa ya kumweka, inayotoa mwanga wa rangi nyingi kwa mpigo kama kamera. Watu huiita leza, lakini si leza. Nayo ndiyo inayopatikana kwa wingi katika saluni, maana ni rahisi kununua.

Na yale madoa mapana ya kahawia kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, ambayo akina mama wengi huyapata wakiwa wajawazito au wakitumia vidonge vya kupanga uzazi? Jua huyazidisha. Joto pia, kwa hivyo mama anayekaanga viazi karai juu ya makaa tangu alfajiri asishangae. Madoa haya hurudi. Leza inaweza kuyapunguza kwa miezi michache, na inaweza kuyafanya mabaya zaidi. Madaktari wengi wa ngozi huanza na kinga ya jua na dawa za kupaka zenye kipimo. Na kinga nzuri kwa madoa haya ni ile yenye rangi ya udongo ndani yake, yaani oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huyachochea, na krimu nyeupe za kawaida haziuzuii. Tafadhali usikimbilie zile krimu za kujichubua zinazouzwa bila maandishi ya kueleweka. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo, na nyingine zina steroidi, ambazo hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara.

Hayo ni ya urembo. Nikija kwenye jambo linaloweza kumwua mtu, nawageukia ndugu zetu wenye ualbino, wazazi wao, na majirani zao. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Wao hawana kinga ile niliyoitaja, au wanayo kidogo sana. Jua linalonifanya mimi nitoke jasho tu humwunguza mtoto mwenye ualbino kwa muda mfupi.

Dalili ya kwanza ya hatari si kidonda. Ni kipele kikavu, chenye gamba, ambacho ukikipapasa kwa kidole unasikia kama msasa wa seremala. Hutokea kwenye masikio, pua, mdomo wa chini, shingo na mikono. Unakibandua, kinarudi. Hakiumi sana, ndiyo maana watu hukiacha. Wengi huanza kukiona wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine hata kabla. Baadhi ya vipele hivi hugeuka kuwa saratani, na huwezi kujua kwa kuangalia ni kipi kitageuka.

Hapa tiba nyingi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Iliyo ya kawaida ni kugandisha kwa baridi: naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hupulizwa juu ya kipele kwa sekunde chache. Inachoma kama kuumwa na siafu, kisha panatoka lengelenge, na baada ya wiki mbili au tatu ngozi mpya imekuja. Ngozi nyeusi ikitibiwa hivyo hubaki na alama nyeupe, kwa kuwa chembe za rangi hufa mapema kwa baridi. Mwenye ualbino hana hasara hiyo. Kuna pia krimu ya fluorourasili, ambayo hupakwa kwa wiki kadhaa na kuifanya ngozi iwe nyekundu na yenye vidonda kabla haijapona, kwa hivyo usiogope ukaiacha katikati. Na kuna tiba ya mwanga hasa: unapakwa dawa inayoingia kwenye chembe zilizoharibika, unangoja, kisha unamulikwa taa nyekundu na chembe hizo zinakufa. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii kwa vipele vya jua mwaka 1999. Inafanya kazi vizuri, ila inauma, na baadaye lazima ukae mbali na jua kali kwa siku mbili. Si kitu cha kujaribu nyumbani.

Leza nayo ina nafasi. Leza ya kaboni dioksidi huyeyusha maji ndani ya ngozi na kuondoa tabaka la juu, pamoja na vipele vingi kwa mara moja. Lakini sikiliza neno hili kwa makini: kilichoyeyushwa na leza hakiwezi kupelekwa maabara. Tuseme kijana wa miaka 24 ana kipele kwenye sikio kinachotoka damu kila akikigusa. Anaambiwa na mtu mwenye mashine kwamba ni doa la jua, anamulikwa, juu panapona vizuri. Kama ilikuwa saratani, mizizi imebaki chini ya ngozi nzuri, inaendelea kimya kimya. Atakaporudi baada ya mwaka mmoja, huenda imefika kwenye tezi za shingo, na hapo si suala la sikio tena.

Kwa hivyo kipele kinachotoka damu, kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, uvimbe unaokua haraka, au gamba lililo gumu na lenye maumivu, kikatwe kidogo kwanza na kupimwa. Taa baadaye. Nasema hivi kwa wenye ualbino na kwa watu wote. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi niongeze moja, ingawa haihusiani na jua: doa jeusi linalopanuka chini ya unyayo au chini ya ukucha lisiachwe. Saratani mbaya ya rangi hutujia zaidi huko, mahali ambapo hatujiangalii.

Kuhusu kinga, kwa ufupi. Kofia iwe na ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Kofia ya kapelo huacha masikio na shingo nje, na hapo ndipo saratani hupapenda. Shati la mikono mirefu, leso kichwani, buibui, vyote ni kinga bora kuliko chupa. Mafuta ya kukinga jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili, na tena baada ya kuoga baharini. Serikali ya Kenya, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ilianza katika miaka ya 2010 kutoa mafuta haya bure kwa wenye ualbino waliosajiliwa, kupitia hospitali za umma. Kama hujasajiliwa, hiyo ndiyo safari ya kwanza kufanya. Ukifika ukaambiwa yamekwisha, uliza yataletwa lini, na uandikishe jina. Jirani zetu wa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa KCMC mwaka 1992, walifikia hatua ya kutengeneza mafuta yao wenyewe, Kilisun, mahsusi kwa wenye ualbino.

Mwalimu unayenisikiliza, mtoto mwenye ualbino asiambiwe akimbie uwanjani saa sita mchana na wenzake kwa kuogopa kumtenga. Hamishia michezo asubuhi. Watoto wote watafurahi.

Na wewe ambaye bado unaitaka ile leza ya uso, kabla hujatoa pesa uliza haya. Nani atashika mashine, na je, ameandikishwa na Baraza la Madaktari? Anaweza kukuambia jina la mashine na ni mwanga gani inatoa? Ameshawatibu watu wa rangi yako, na unaweza kuona walivyopona? Atajaribu sehemu ndogo kwanza? Utapewa miwani ya kuziba macho? Mwanga ule ukiingia jichoni hauna dawa. Akijibu kwa hasira, shika njia.

Kwa mwenye kipele cha kutilia shaka, asitafute saluni hata kidogo. Nenda hospitali ya Likoni, au Port Reitz kwa walio Changamwe, au vuka hadi Coast General kisiwani. Beba barua yako ya usajili, na kama umejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza mapema ni nini italipa. Ukifika mbele ya daktari au afisa wa kliniki, sema waziwazi: "Kipele hiki nimekuwa nacho tangu mwezi fulani, kinatoka damu, naomba kionwe na mtaalamu wa ngozi, na kikikatwa naomba kipelekwe maabara." Uliza majibu yatatoka siku gani, uandike, na siku hiyo urudi kuyachukua hata kama kidonda kimepona.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya macho ya wavuvi, na ile nyama inayoota kuelekea mboni. Kwaheri kwa sasa.