Tupeleke Lipi Bungeni?

Ndugu Waislamu wa Bombambili, kabla mbunge wetu hajaelekea Dodoma, tumkabidhi jambo moja, si orodha ndefu itakayosahaulika njiani: Mahakama ya Kadhi. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi ufumbuzi. Mwaka 2015 muswada uliogusa suala hilo uliondolewa Bungeni kabla ya kupitishwa. Zanzibar na Kenya makadhi wanatambuliwa kisheria. Huku kwetu, kadhi wa BAKWATA akimpa mjane fungu lake la mirathi na mashemeji wakakaidi, kadhi hana nguvu ya kuwalazimisha. Mjane huyo huanza upya Mahakama ya Mwanzo. Basi tumuulize mbunge: je, yu tayari kuwasilisha muswada binafsi? Kanuni zinamruhusu. Jibu tulisikie kwa kinywa chake, kabla ya safari.