Tuazime Mbinu, Tuache Mashine: Magari Madogo ya Mashindano na Ufundishaji wa Sayansi



Nimeombwa nizungumzie mashindano ya wanafunzi wanaosanifu na kuunda magari madogo ya mbio. Mashuhuri zaidi ni F1 in Schools, yaliyoanzia Uingereza kuelekea mwaka 2000 na ambayo tangu 2025 yanaitwa STEM Racing. Msimamo wangu nautoa mapema. Mbinu yake ya kufundishia inatufaa sana, vifaa vyake kwa shule zetu nyingi bado, na tukivichanganya viwili hivyo tutaishia na mashine ghali iliyofunikwa turubai katika kona ya karakana.

Kwanza gari lenyewe. Ni bonge la kitu chepesi, kwa miaka mingi mbao ya balsa, linalochongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta kufuata mchoro wa wanafunzi. Lina magurudumu manne, bawa mbele na bawa nyuma, na uzito wa takriban gramu 50. Nyuma lina tundu la kukaa kimtungi cha chuma chenye gramu 8 za kaboni dayoksaidi. Sindano ikikitoboa, gesi inachomoka na gari linafyatuka, likiongozwa na uzi uliokazwa sakafuni. Katika njia ya mita 20, magari mazuri humaliza kwa sekunde moja na ushei, yaani wastani wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Ukikishika kimtungi baada ya mbio unakuta kimeganda kwa baridi, maana kimiminika kilichokuwemo kimegeuka gesi ghafla na kunyonya joto. Mwalimu wa fizikia ana kipindi kizima hapo.

Watazamaji hushangilia mbio, lakini alama za mbio ni sehemu tu. Timu, ambayo huwa na wanafunzi watatu hadi sita, hupimwa pia kwa michoro, kwa ubora wa uundaji, kwa kitabu cha kumbukumbu za kazi, kwa maelezo ya mdomo mbele ya majaji na kwa namna ilivyotafuta wafadhili. Yupo meneja, wapo wa michoro, yupo wa kuzungumza na wenye fedha. Jaji anauliza: kwa nini bawa hili mmelipunguza? Mlipima nini kabla, na nini baada? Mtoto aliyefanyiwa kazi na mwalimu hukwama kwenye swali la pili. Hiki ndicho ninachotaka tukichukue.

Sasa tukiondoa gesi tuweke nini? Walio wengi hukimbilia mteremko: ubao, matofali mawili, magari yateremke. Naomba tuwe waangalifu. Katika mashindano yale wanafunzi hupigania kila gramu, kwa sababu kani ya gesi ni ileile na gari jepesi huongeza mwendo haraka zaidi. Kwenye mteremko kanuni hiyo haionekani. Kinacholivuta gari ni uzito wake lenyewe, kwa hiyo zito na jepesi hufika karibu pamoja, na mara nyingine zito hutangulia kwa kuwa upinzani wa hewa haulisumbui sana. Mwanafunzi aliyekesha akipunguza gramu atashindwa na aliyebandika sarafu juu ya gari lake, na mwalimu asiyejiandaa hatakuwa na jibu. Mteremko ni somo zuri, tena Galileo aliutumia, ila ni somo jingine.

Ninachopendekeza ni mpira wa manati. Kateni vipande vya tyubu ya baiskeli, vifungeni kwenye misumari miwili, vivutwe hadi alama ileile kila mara. Nguvu inayohifadhiwa inakuwa karibu sawa kwa kila gari. Hapo ukipunguza uzito hadi nusu, kasi ya kuanzia hupanda kwa takriban asilimia 40, ukiacha msuguano pembeni. Mwili wa gari uchongwe kwa mbao laini au povu la kufungashia televisheni, magurudumu yakatwe kwenye malapa yaliyochakaa au yawe vifuniko vya chupa. Watoto wetu wanaunda magari ya waya bila kusimamiwa na mtu yeyote, kwa hiyo mikono ipo. Kinachokosekana ni daftari na kipimo.

Kipimo nacho kina mtego wake. Mtu huchukua kama sekunde 0.2 kuitikia anachokiona, na tofauti kati ya magari mawili mazuri ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo matokeo ya kubonyeza saa kwa kidole yatakuwa bahati nasibu. Simu ya kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde. Ikiwekwa pembeni mwa njia, wanafunzi wakahesabu picha moja moja tangu gari linapoachiwa hadi linapovuka mstari, watapata muda kwa usahihi wa sehemu chache za mia. Kazi hiyo inachosha, na mimi naona ni vyema iwachoshe.

Kuhusu gesi, niseme kwa ufupi. Katika nyuzi 20 za joto, msukumo ndani ya kimtungi kile ni zaidi ya mara 50 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Bila kifyatulio salama na njia iliyowekewa vizuizi, kisiingie darasani.

Fedha pia zina neno lake. Timu yenye mfadhili mkubwa hupata beringi bora na muda wa kupima gari kwenye handaki la upepo, na nauli ya kwenda fainali za dunia pekee inatosha kuikwamisha shule ya kawaida. Kuwafundisha watoto kutafuta wafadhili ni jambo jema. Kuwapanga kwa uwezo wa wazazi si jema.

Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, ikiwa na mkondo wa amali, na Kenya inafundisha kwa mtaala wa umilisi. Nafasi ya kazi ya namna hii ipo kwenye ratiba. Naiomba semina hii ipitishe jambo moja: kila shule iliyowakilishwa hapa ianze na timu mbili, mpira wa manati mmoja na daftari moja kwa kila timu, na katika mashindano yetu ya kwanza nusu ya alama itoke kwenye daftari.